Duara kwenye Paneli ya Setilaiti

Dada yangu hamwamini mtu yeyote anayebeba sanduku. Mimi ni mdogo wake wa tumbo moja, tumelala kitanda kimoja pale kijijini Itaka mpaka nilipoanza kukoroma, na bado siku nilipompigia simu kumwambia kwamba nakuja Tunduma na mzigo wa kuvusha, hakuuliza habari za safari wala za kazi.

"Kuna nini ndani?"

"Paneli."

"Ya sola?"

"Hapana, ya setilaiti."

Nyuma yake nilisikia honi za malori na mtu akibishana bei ya kwacha. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya ofisini, "Haya. Pitia nyumbani kwanza, mama amekukumbuka." Mama alikuwa amenikumbuka siku zote na dada hakuwahi kunipigia mbiu. Nilipaswa kushtuka hapo hapo.

Yeye ni wakala wa forodha. Ana chumba kimoja karibu na kituo cha mpaka, na kutwa anaandaa makaratasi ya mizigo inayovuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Kazi hiyo imempa macho ambayo si ya kawaida. Akipishana na mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni, anatazama kwanza kama mtoto anapumua. Akinunua gunia la maharage analikanda kwa viganja kama mganga wa viungo. Tulikuwa tukimcheka, mpaka binamu yetu alipomletea godoro. Alidai ni la mwanafunzi anayehamia bweni upande wa pili, na dada, kwa kuwa mtu mwenyewe ni damu yake, akamwandikia karatasi bila kulifungua. Maofisa walilichana. Sponji ilikuwa imechimbwa katikati na kujazwa simu. Leseni ya dada ikafungiwa, akarudi nyumbani kuchuma kahawa pamoja na vibarua, na jioni alikuwa akikaa kwenye ngazi ya jikoni bila kusema na mtu. Leseni ilirudi baadaye. Imani yake kwa ndugu haikurudi. Wageni anawashuku kikazi tu. Ndugu anatushuku kwa moyo wote.

Sasa nieleze mzigo wenyewe, maana hata mama aliuliza mara tatu na mara zote akaishia kusema, "Mungu akusaidie."

Ninafanya kazi kwenye karakana ya chuo kimoja, mbali na kwetu, katika kikundi kidogo kinachojenga setilaiti. Wengine wanashughulika na redio, wengine na betri. Mimi kazi yangu ni kuta. Ukuta wa setilaiti unatakiwa uwe mwepesi, maana kila kinachopanda juu kinapandishwa kwa taabu, na uwe mgumu, maana roketi inatikisa kuliko lori tupu kwenye barabara ya vumbi. Kwa hiyo tunachukua ngozi mbili za alumini, nyembamba kama mfuniko wa kopo la maziwa ya unga, na katikati tunaweka sega. Ni sega kweli, la vyumba vya pembe sita, ila limetengenezwa kwa karatasi ya alumini na halina asali. Gundi inakuja kama utando. Unaulaza kati ya sega na ngozi, unafunga kila kitu kwenye mfuko, unanyonya hewa yote, unapika kwenye tanuri kwa moto wa kadiri. Ukivunja biskuti ya wefa utaona ninachosema. Kinachotoka ni ubao wa ukubwa wa meza ya kulia chakula, ambao mtoto wa chekechea anaweza kuunyanyua, na ukiuegemeza juu ya viti viwili mjomba wake mnene anaweza kuukalia.

Tabu yake ni gundi. Ngozi unaiona na sega unaliona, lakini gundi ikishafunikwa huioni tena, na kama imedanganya utajua roketi ikishawaka. Ndiyo maana sisi wa kuta tumekuwa watu wa kushuku. Ngozi ikishasafishwa hakuna kuigusa kwa kidole kitupu. Tunaimwagia maji na kuyatazama: yakitandaa sawasawa, tunaendelea, yakijikusanya matone, kuna mafuta mahali, na tunaanza upya. Nimewahi kumtoa mwenzangu nje ya chumba kwa kuwa alikuwa amepaka losheni. Paneli ikishatoka tanurini tunaigonga yote kwa sarafu, kila mahali, tukisikiliza. Ikiwa gundi imeshika, mlio ni mkali na mfupi. Ikiwa imeachia, mlio unafifia, unakuwa mzito kama mtu anagonga boksi. Niliigonga hii yetu mwenyewe kabla ya kuifunga. Ililia vizuri kutoka pembe hadi pembe.

Ilikuwa inakwenda kusini, mbali kupita Zambia, kwenye maabara yenye meza ya kutikisa, inayojaribu kama kitu kitastahimili roketi. Tulikuwa tumeomba zamu pale kwa muda mrefu na hatimaye tumeipata. Ikipita mtikisiko, setilaiti yetu inaingia kwenye roketi iliyoahidiwa. Tukikosa zamu, tunarudi nyuma ya foleni na nafasi wanapewa wengine. Kwa ndege tuliwahi kupeleka moja, ikafika imebonyezwa pembe na hakuna aliyekubali kuhusika. Safari hii nikasema naibeba mwenyewe, kwa pikapu ya chuo, mpaka Nakonde, ambako mwenzetu wa Zambia alikuwa anangoja.

Nilifika Itaka Jumamosi. Ilikuwa msimu wa baridi na wa kahawa, nyumba nzima inanuka maganda. Kahawa iliyokauka ilikuwa imetandazwa kwenye sakafu ya stoo, na mama akanisafishia pembe moja niegemeze sanduku langu pale, akisema hapo hakuna mvua wala mbuzi. Dada alikuwa ameshafika kutoka Tunduma. Alinikumbatia, akalizunguka sanduku, akaligusa kwa ncha ya kiatu.

"Mbona jepesi?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

"Mh," akasema.

Jumapili mama alitaka nimshukuru Mungu mbele ya kanisa, hivyo nikaenda naye. Dada akasema atabaki apike makande, kwa sababu wanawake wa kwaya wangekuja kunisalimu baada ya ibada. Dada yangu kukosa ibada ni jambo la kuuliza, lakini mimi nilidhani ananipenda. Tuliporudi makande yalikuwa tayari na wageni wamekaa. Alinipakulia mimi kwanza, sahani imejaa hadi ukingoni, na siku ile yote hakuuliza tena neno kuhusu sanduku. Nalo hilo lingetosha kumshtua mtu mwenye akili.

Kesho yake asubuhi tukashuka Tunduma pamoja, yeye kiti cha mbele amepakata sufuria ya makande yaliyobaki, imefungwa kwa kitambaa, maana mama haamini kwamba mjini kuna chakula. Foleni ya malori ilikuwa imeanza mbali. Tukapenya na pikapu pembeni, pamoja na bodaboda, na dada akaenda mbele na makaratasi. Nilimwona akiongea na ofisa mwenye miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso, na ofisa akanitazama juu ya bega lake. Sikusikia walichoongea. Nilijiuliza kwa nini mazungumzo ya karatasi moja yachukue muda ule.

"Lifungue," ofisa akasema alipofika.

Nikafungua skrubu. Shuka niliyofungia paneli nilikuwa nimeingiza ncha zake kwa ndani, na sasa zilikuwa zimetoka nje. Nikasimama na bisibisi mkononi. Akilini nikamtazama mlinzi wa nyumba ya wageni nilikolala njiani, na yule mwenzangu wa losheni, na kila mtu aliyewahi kupita karibu na pikapu.

"Unangoja nini?" akauliza msaidizi wa ofisa, msichana mmoja mwenye buti.

Tuliitoa, tukailaza juu ya meza yao ya ukaguzi. Ofisa aliinyanyua upande mmoja kwa vidole viwili, akaishusha, akainyanyua tena.

"Hii nyepesi mno."

Nikamweleza ngozi, sega, gundi. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza binamu wa godoro.

"Mwalimu," akasema, "kitu chenye unene huu na kisicho na uzito kina nafasi ndani. Mimi kazi yangu ni nafasi. Lete drili."

Nilihisi kama anataka kutoboa mguu wangu. Tundu la drili yao, yenye ncha ya kutobolea mbao, lingechana ngozi na kuponda sega, na paneli ya namna hiyo hakuna maabara inayoipandisha mezani. Nikamwambia kuna njia ya kuijua bila kuitoboa. Nikatoa sarafu. Nikamweleza kwamba nikigonga kila mahali na mlio ukawa mmoja, basi ndani ni namna moja kila mahali, hakuna kilichofichwa. Ofisa alivutwa na jambo hilo. Akashusha miwani machoni, akavuta kiti. Wabadilisha fedha wakasogea, madereva wakateremka kutoka kwenye malori yao.

"Mukwai, ni ngoma hiyo?" dereva mmoja wa Zambia akauliza kwa neno la heshima la kwao, watu wakacheka.

Nikaanza pembeni. Ti, ti, ti, ti. Mlio mkali, mzuri, ule ule wa karakana. Nilikwenda safu kwa safu, na nikaona nyuso zinalegea. Msaidizi mwenye buti alikuwa ameshaweka drili chini. Nilifika katikati nikiwa natabasamu kabisa, na sarafu ikasema pu.

Nikarudia. Pu.

"Hapo!" Ofisa akasimama. "Hapo pana kitu!"

Watu wote wakasema, "Ee!"

Mimi nilijua ni nini: gundi imeachia. Lakini nilikuwa nimewaambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba mlio ukibadilika pana jambo, na sasa nilitakiwa kueleza kwamba jambo lenyewe si lile wanalolifikiria. Ofisa akanipa kalamu ya wino mzito. "Weka alama, inapoanzia na inapoishia." Nikagonga na kuweka nukta, nikagonga na kuweka nukta, na kadiri nukta zilivyoongezeka ndivyo nilivyozidi kuogopa, kwa sababu zilikuwa zinazunguka. Nilipozifikisha mwisho zilikuwa duara. Duara safi, la upana wa sahani kubwa.

"Gundi ikiachia," ofisa akauliza taratibu, "huwa inaachia kwa duara?"

Swali lilikuwa la haki. Gundi inaachia ovyo, kama maji yaliyomwagika. Duara ni kazi ya mtu. Na nikiri kwamba kwa muda mfupi nilimwamini ofisa kuliko nilivyojiamini mimi. Nilifikiri, huenda kweli kuna aliyeifungua njiani, akaweka kitu, akaifunga. Mimi niliyeipika kwa mikono yangu, niliyeipiga picha hatua kwa hatua, niliinama nikaitazama ile paneli kama mali ya mtu mwingine.

Ofisa akamgeukia dada. "Wakala. Huyu ni nduguyo, na karatasi umeandika wewe. Unasemaje? Unamdhamini?"

Dada alikuwa amesimama nyuma ya meza, mikono ndani ya mifuko ya koti, macho kwenye duara. Nilimtazama aninyanyulie macho, hakuninyanyulia. Nilimchukia pale, nasema kweli. Nilifikiri anapiga hesabu ya leseni yake, na kwamba nikipelekwa ndani ataniletea makande siku za kuonana na wafungwa na kuyakanda kwanza kuona kama yana msumeno.

Msaidizi akachomeka drili kwenye umeme. Ikalia mara moja hewani, kujaribu.

"Subirini," dada akasema. "Hilo ni sufuria."

Kila mtu akamgeukia.

"Jana nililifungua sanduku, huyu akiwa kanisani. Nikalitoa bati lake nikalilaza juu ya magunia mawili nilitazame vizuri. Makande yakaanza kufurika jikoni, nikayaepua, nikaingia na sufuria stoo nisiliache sanduku wazi bila mtu. Sakafu nzima kuna kahawa, na sufuria ya masizi huiweki kwenye kahawa, itanuka moshi, mnunuzi ataikataa. Basi nikaitua juu ya bati."

"Ikakaa muda gani?" niliuliza. Sauti yangu haikuwa yangu.

"Mpaka kwaya wamekula. Sasa kwani hilo si bati? Sufuria na bati kuna ubaya gani?"

Sufuria ya mama ni ile ya kusubu, ya chuma cha kumimina, nzito, chini nene kama tofali, na ilikuwa motoni tangu alfajiri. Hakuna mtu wa kwetu ambaye angefikiri mara mbili. Chuma kinakaa juu ya chuma, tangu lini chuma kikaungua? Lakini gundi iliyopikwa kwa moto wa kadiri, ikipata moto uliozidi, inaachia. Ningewaonya wasiipige, wasiikalie, wasiilowanishe. Nisingekumbuka kumwonya mtu asitue sufuria juu yake.

Ofisa hakuwa ametosheka. "Ndugu hutungiana uongo," akasema. "Sufuria yenyewe iko wapi?"

Dada akaenda kwenye pikapu, akarudi nayo, akafungua kitambaa, na kabla sijamzuia akaitua katikati ya paneli. Nilipiga kelele, kwa mazoea tu, maana ilikuwa imepoa na mahali penyewe pamekwisha kufa. Ilikaa ndani ya nukta zangu kana kwamba nilikuwa nimeizungushia. Kisha akaichukua shuka akaigeuza upande wa ndani, akawaonyesha duara jeusi, hafifu, la masizi yaliyohamia kutoka kwenye paneli, yale ambayo kitambaa chake cha kufutia hakikuyamaliza.

Watu wakacheka kwa sauti, na dereva wa Zambia akapiga makofi. Ofisa akacheka pia, lakini kwanza alifunua mfuniko, akaomba kijiko, akayachimba makande mpaka chini ya sufuria. Aliporidhika akagonga muhuri. "Pita, mwalimu. Na salamu kwa mama."

Tulifunga sanduku. Nikakaa kwenye usukani. Mbele yetu geti lilikuwa wazi, na upande wa pili nilimwona mwenzangu wa Zambia amesimama kando ya gari lake, ananipungia mkono. Dada alikuwa amekaa pembeni yangu na sufuria mapajani.

Nikawasha gari, nikageuza.

"Unakwenda wapi? Wamekuruhusu!"

"Nyumbani."

"Wewe, una wazimu? Hakuna anayejua kuhusu hilo duara isipokuwa sisi. Yafute hayo madoa ya wino, uende."

"Ikipanda kwenye meza ya kutikisa, ngozi itaanza kubanduka hapo na kuendelea. Na hata pale inapolia vizuri siiamini tena. Moto ulifika mpaka wapi, sijui."

"Na zamu yenu?"

"Imepotea."

"Na roketi?"

Nilikuwa nawaza namna nitakavyowaambia wenzangu wa redio na wa betri, waliofanya kazi zao vizuri. Tulipokwisha kupita malori mengi, nilimuuliza kile kilichokuwa kinaniuma kuliko paneli.

"Kwa nini usiniombe nikufungulie? Ningekufungulia mwenyewe, mbele ya mama."

"Ungefungua ukiwa umeshatoa kilichomo."

"Kilichomo nini?"

"Chochote." Aliishika sufuria kwa mikono miwili, gari likiruka kwenye tuta. "Nilitaka nikione kabla ya wao. Ningekikuta, ningekizika chini ya mibuni nyuma ya choo, ningefunga sanduku lako, ungevuka salama na usingejua. Nilikuwa nimeshaliweka jembe karibu na mlango."

Aliamini kwamba mimi ni mhalifu, na alikuwa tayari kubeba uhalifu wangu kwa jembe lake. Nilikasirika na nikataka kulia, na sikujua nianze na lipi.

"Na sasa?" nikamuuliza. "Sasa unaamini haikuwa na kitu?"

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akanitazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama mzigo kabla ya kutia saini.

"Sasa ndiyo naamini," akasema. "Mtu mwenye kitu chake ndani asingegeuza gari."